Namsamehe kila mtu ila nafsi yangu siipi nafuu. Wenzangu mnafanyaje?

Mwanika Dagaa (Mwanza)

Wakuu, poleni na majukumu. Huwa nasoma humu nikipita kimya kimya, leo nina swali langu mwenyewe na naomba nijibiwe na watu walioyaona maisha.

Mimi ni mama wa biashara ya dagaa. Nanunua wabichi Igombe alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika hapo hapo, wakikauka napeleka mwaloni Kirumba. Wanaoijua kazi hii wanajua tunafuata giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala, kwa hiyo hela ya mwezi mzima unaitafuta kwenye zile wiki za giza tu. Nyumbani ni Bugarika, kule juu kwenye mawe ambako gari halifiki. Naishi na wanangu na mama yangu mzazi aliyepata kiharusi. Upande wote wa kulia haufanyi kazi. Inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, asafishwe, alishwe uji kwa kijiko taratibu maana akipaliwa ni hatari. Dada yangu yuko Dar, hutuma chochote akipata. Kaka yuko machimboni Geita, simu yake kuipata ni bahati.

Sasa kilichonileta. Giza lililopita nilinunua mzigo mkubwa, nusu ya hela ni ya kikoba. Vichanja vilikuwa vimejaa, nikatandika wavu chini nikaanika. Jua lilikuwa kali kweli kweli. Kabla ya mchana mtoto wa jirani akanipigia, mama anakohoa sana, nikaacha mzigo nikarudi mbio. Nikiwa namgeuza mama nikasikia bati linapigwa. Mvua. Na haikuwa manyunyu. Nilikaa chini pale pale pembeni ya kitanda, kwa sababu kutoka Bugarika mpaka Igombe hata ukichukua bodaboda, mvua inakuwa imeshamaliza kazi yake. Jioni nilipofika dagaa walikuwa wameshikana na mchanga, rangi imegeuka, harufu imeanza. Waliondoka kama chakula cha kuku. Tofauti ya bei ya dagaa wa kula na dagaa wa mifugo anayefanya kazi hii anaijua.

Wenzangu waliokuwepo waliokoa mizigo yao, wangu haukuguswa. Mmoja alinifuata analia ananiomba radhi. Nikamwambia, dada usilie, una mikono miwili tu na mvua haikukupa nafasi, hata mimi ningeanza na wangu. Nilimaanisha, na sina kinyongo naye hata chembe. Wiki hiyo hiyo mteja wangu wa Buzuruga ninayemdai alifiwa na mtoto, nikamwambia deni likae, utalipa ukisimama.

Lakini usiku nikibaki peke yangu, ninayojiambia siwezi kuyaandika yote hapa. Mjinga. Mzembe. Mama anateseka kwa ajili yako, watoto watakosa mahitaji ya shule kwa ajili yako, mtu mzima hujui hata kusoma mawingu. Maneno hayo siwezi kumtamkia mtu yeyote, hata anayenichukia. Nimeomba, nimefunga, nimekwenda kwa mchungaji akaniambia nishukuru kwa uhai. Nashukuru. Ila ile sauti haijanyamaza.

Kilichonifanya niandike ni binti yangu wa darasa la tano. Juzi alikuwa sakafuni anafanya hesabu za sehemu, akakosea, akafuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha akajipiga kiganja kwenye paji la uso akasema polepole, "Mjinga mimi. Mzembe mimi." Ni mimi mtupu, mpaka ile pumzi ninayovuta katikati. Sijawahi kumwita hivyo hata siku moja. Amekuwa akisikia ninavyojiita mwenyewe, usiku, nikidhani amelala.

Kwa hiyo nauliza: ninyi mnaoweza kuwa na huruma na nafsi zenu bila kujidekeza, mnafanya nini hasa siku hadi siku? Mnajiambia nini? Na je, kwa mtu mwenye mgonjwa na mkopo, hiyo si anasa?

Fundi wa Nyakato

Dada pole sana kwa mama na pole kwa mzigo. Mimi nitakwambia tofauti na watakavyokwambia wengine. Kujionea huruma kunamlaza mtu njaa. Mimi hapa gereji nimefika kwa kujibana. Fundi aliyenifundisha nikikosea alikuwa ananipiga na chochote alichoshika, na leo nafungua injini ya Fuso na kuifunga hata umeme ukikatika. Tafuta turubai, ongeza mtaji, songa. Hayo maneno ya usiku ni uchovu tu, usiyape kiti.

Binti Ilemela

Pole dadangu. Mimi sina ushauri, ila nimesoma hapo kwa mtoto nikaacha kuosha vyombo. Nafuatilia.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, pole. Nakuita mwanangu kwa sababu nina wa umri wako, na kwa sababu watu wa aina yako nimewaona maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa wodi za watu wazima hapa hapa Mwanza, na kiharusi ndicho kilichotujazia vitanda. Mgonjwa analetwa, na pembeni yake yupo binti au mke ambaye hajalala. Tunampima mgonjwa presha, yule wa pembeni hakuna anayemgusa. Siku moja niliamua kumpima pia aliyeleta mgonjwa, ikawa desturi yangu mpaka nastaafu. Baadhi yao presha ilikuwa juu kuliko ya mgonjwa.

Kwanza hilo la mama kukohoa, maana siwezi kulipita. Akila, mkalishe wima kabisa, mwegemeze mito, kidevu kiinamie kifuani kidogo wakati wa kumeza. Kijiko kidogo, na umsubiri ameze kabla ya kingine. Akimaliza usimlaze, abaki amekaa kama nusu saa. Uji mzito kidogo humezeka kwa usalama kuliko maji matupu. Akikohoa na homa ikapanda, au akianza kuhema haraka, usisubiri kesho, mpeleke hospitali.

Sasa tuje kwako. Umeuliza kama ni anasa. Kwenye semina za kazini tulifundishwa habari za mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, ambaye mwaka 2003 alitoa maandishi yaliyoliweka jambo hili kwenye mizani ya utafiti. Anasema lina mambo matatu yanayokwenda pamoja. Kujitendea kwa upole unapoumia au unaposhindwa. Kukumbuka kwamba wanaopatwa na hayo ni wanadamu wote, si wewe peke yako. Na kuliona jambo lilivyo, bila kulificha na bila kulikuza. Mimi nilipoyasikia niliona yote ni mambo ambayo bibi zetu walikuwa wanayafanya kwenye msiba wa jirani. Tatizo ni kwamba kwa jirani tunayafanya bila kufundishwa, nyumbani kwa nafsi zetu hatubishi hodi.

Tazama ulivyomtendea yule dada wa ufukweni. Ulimwona analia, hukumlaumu. Hukumwambia mzigo ni mdogo. Ulimwambia ukweli mtupu: una mikono miwili na mvua haikukupa nafasi. Mwanangu, siku ile na wewe ulikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa chini ya mgongo wa mama yako. Mimi sikutungii maneno mapya. Chukua hayo hayo uliyomwambia mwenzio, uyaseme kwako, kwa sauti ile ile.

Utaniuliza lini, maana muda huna. Una muda kila baada ya saa mbili. Ukienda kumgeuza mama, kabla hujapitisha mkono chini ya bega lake, simama. Sikia nyayo zako zilivyokanyaga sakafu. Vuta pumzi kawaida, kisha itoe taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mara chache tu. Si uganga huo. Ukirefusha pumzi ya kutoka, mapigo ya moyo yanatulia kidogo na mwili unaelewa kwamba hakuna anayekufukuza. Ndipo useme, "Hili ni gumu. Na si mimi peke yangu, kuna wanaogeuza wazazi wao saa hii Igogo, Sengerema, Ukerewe." Kisha mgeuze. Wengine huweka kiganja kifuani, wengine hushika mkono wao wenyewe. Angalia kinachokufaa. Mwanzoni utajisikia kama unaigiza. Endelea tu, hata sindano ya kwanza niliyochoma nilijisikia hivyo hivyo.

Jingine ni la kumhurumia mama mwenyewe bila wewe kumalizika. Kuna mtafiti wa Ujerumani, Tania Singer, yeye na wenzake walitenganisha mambo mawili ambayo sisi manesi tulikuwa tunayachanganya. Kuumia pamoja na mgonjwa ni jambo moja, kumtakia heri na kutaka kumsaidia ni jambo jingine, na hata kwenye ubongo hayatumii njia moja. Waliofundishwa kuumia na wenzao waliishia kujisikia vibaya zaidi. Waliofundishwa kuwatakia heri walipata nguvu, ijapokuwa mateso waliyoonyeshwa yalikuwa ya aina ile ile. Kwa hiyo mama akikohoa, usikohoe naye moyoni. Mwambie kwa ndani, "Mama upate nafuu, mama upumue vizuri," huku mikono inafanya kazi. Nilifanya hivyo wodini miaka mingi na ndiyo sababu nilistaafu bila kuwachukia wagonjwa. Nawajua wenzangu, watu wema hasa, waliofika mahali kengele ya mgonjwa ikilia wanafunga macho.

Kuhusu binti, usimwekee mkutano. Siku utakayomwaga uji au kusahau ufunguo, sema kwa sauti asikie, "Aa, nimemwaga. Nimechoka leo. Ngoja nifute." Basi. Alijifunza kwa kusikia, atajifunza tena kwa kusikia. Akirudia kusema yeye ni mjinga, usibishane naye kwamba ana akili. Muulize, "Ni hesabu ipi imekushinda? Nionyeshe ulipokwama."

La mwisho ni la kitaalamu na nalisema kwa uzito. Kama hiyo sauti ya usiku itafika kukuambia kwamba afadhali usingekuwepo, au usingizi na hamu ya kula vikikukimbia wiki hadi wiki, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Nenda hospitali, useme hivyo hivyo ulivyotuandikia.

Fundi wa Nyakato

Mama nesi heshima yako, shikamoo. Nimesoma yote. Ila bado naona hatari. Mimi nikikosea kufunga boliti za tairi mtu atakufa barabarani. Nikianza kujiambia "si wewe peke yako, wanadamu wote hukosea," si kesho nitalegeza tena?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu, swali lako ni zuri na si wewe wa kwanza kuliuliza. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Juliana Breines na Serena Chen, walilipima wakachapisha mwaka 2012. Waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wakaufeli. Kisha baadhi wakaambiwa maneno ya kuwafanya wajichukulie kwa upole juu ya kufeli kule, wengine wakaambiwa maneno mengine, na wote wakapewa nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani wa pili. Waliojichukulia kwa upole ndio waliosoma kwa muda mrefu zaidi. Ukitafakari utaona sababu. Anayejitukana hutumia nguvu zake kujificha na lile kosa. Asiyejitukana anaweza kuliangalia.

Wodini tulikuwa nalo hili. Nesi aliyejua kwamba akikosea dozi atadhalilishwa mbele ya wagonjwa, alikuwa anaficha. Aliyejua atasikilizwa alikuja mwenyewe anakimbia, "Sista, nimekosea, tufanye nini?" Huyo wa pili ndiye aliyeokoa watu.

Na nikuulize wewe: siku fundi wako alipokupiga, ulielewa boliti inafungwaje, au ulielewa namna ya kumkwepa?

Fundi wa Nyakato

Mama umenirudisha mbali. Ukweli ni kwamba kufunga kwa kupishanisha, siyo kwa mzunguko, nilionyeshwa na kijana mwenzangu aliyenitangulia, wakati wa chakula cha mchana, mzee akiwa hayupo. Aliniwekea mkono juu ya mkono wangu kwenye spana. Yule mzee namheshimu mpaka kesho, ila hilo hakunifundisha yeye.

Nimekuelewa nusu. Kwenye hela bado nasema mtu ajibane. Lakini nina vijana wawili hapa gereji na nitaangalia ninavyosema nao.

Mzee wa Kemondo

Assalaam alaikum na habari za jioni kwa wote. Mimi ni mtu mzima, kwetu ni Bukoba, nimeishi Mwanza tangu ujana. Binti wa dagaa, nimeyasoma maneno yako mara mbili, kwa sababu hicho kiti unachokalia usiku nimekikalia.

Mwaka 1996 nilimwita mdogo wangu aje Mwanza nimtafutie kazi. Yeye alitaka kuja baadaye, mimi nikamhimiza. Nauli nilimtumia mimi. Akapanda MV Bukoba. Tarehe 21 Mei asubuhi tulikuwa tunasubiri meli, badala ya meli zikaja habari. Mji ulisimama. Mamia ya watu walikwenda na maji, na wengi waliopatikana tuliwazika Igoma, pale ambapo hata leo kila ikifika tarehe hiyo tunakutana kuomba. Mdogo wangu hakupatikana.

Watu waliniambia ni mipango ya Mungu, na mimi niliitikia kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na hesabu moja tu: nisingemtumia nauli, angekuwa hai. Nilijinyima. Nilikuwa na mke na watoto nikawa kama mpangaji ndani ya nyumba yangu, naleta hela na sizungumzi. Nikiona mtu anacheka barabarani nilikuwa nashangaa anapata wapi ruhusa.

Shehe wa msikiti wetu alinikalisha akanikumbusha habari ya Salman na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Abu Dardaa alikuwa anafunga mchana na kusimama usiku kucha mpaka mkewe akawa hana mume. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoelezwa akasema Salman kasema kweli. Kwa hiyo wewe uliyeuliza kama ni anasa, jibu la dini yangu ni hilo. Nafsi inadai, kama mke anavyodai, kama mtoto anavyodai. Unayeinyima unadhulumu.

Lakini mama nesi, kwa heshima, niongeze jambo. Mimi kujisemea peke yangu sikuweza. Nilijaribu nikaona ni maneno ya kupita. Nilichoweza ni hiki. Mwaka mmoja pale Igoma nilikaa karibu na mama mmoja, mjane. Tukazungumza. Akaniambia siku ile ya safari mumewe alikuwa amechelewa, alikaribia kuikosa meli, na yeye ndiye aliyemharakisha, akambebea na begi mpaka bandarini. Akasema, "Nilimpeleka mwenyewe." Nikamwambia, "Mama, wewe ulikuwa unamtendea mumeo wema. Hukujua, na hakuna aliyejua." Nilipomaliza kusema nikashindwa kuendelea, kwa sababu maneno yalikuwa yangu na kesi ilikuwa yangu. Yule mama akanishika bega akaniuliza, na wewe nani wako? Ndiyo mara ya kwanza nilieleza habari ya nauli kwa mwanadamu.

Binti, huyo dada aliyekulilia pale Igombe usimwache aende hivi hivi. Ulimwambia maneno mazuri na akaondoka. Mrudie. Mkae. Naye inawezekana halali.

Binti Ilemela

Mzee wangu, Mungu akupe umri. Marehemu baba alikuwa hasemi kitu kila ikifika Mei. Sasa nimeelewa.

Mwanika Dagaa (Mwanza)

Shikamooni wazee wangu, na asanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu giza limeanza na nilikuwa Igombe.

Mama nesi, uji nimefanya kama ulivyosema, mito nimeomba kwa jirani, kikohozi kimepungua na homa hana. Ya kusimama kabla ya kumgeuza naifanya. Mkono kifuani sikuweza, nikiuweka nalia na mama ananiangalia. Kwa hiyo naishia kwenye nyayo na pumzi. Yale maneno ya mikono miwili siku za mwanzo yalikuwa hayaingii. Usiku mmoja nimeamka kumgeuza nikayasema kwa Kisukuma badala ya Kiswahili, kama marehemu bibi yangu angenisemea, na hapo nikasikia kitu kinalegea mabegani. Ile sauti bado inakuja. Inakuja, inakuta kuna mwenzake pale.

Mzee, nilimrudia yule dada. Nilimkuta anatandaza wavu, nikachukua upande wa pili tukatandaza wote, nikamuuliza, hivi unalala? Akaacha wavu. Kumbe tangu siku ile akisikia radi anaota mzigo wangu. Yeye ana watoto wadogo na mume yuko ziwani usiku, na alishakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ananiambia kila asubuhi akiamka kitu cha kwanza ni kujitukana. Tulikaa pale kwenye mchanga mpaka dagaa wakahitaji kugeuzwa.

Tumekubaliana hivi, na wengine wawili wanaoanika karibu yetu wameingia. Tumechanga tukanunua maturubai makubwa ya pamoja. Wingu likianza, aliyepo anaanza na mzigo wa asiyekuwepo, halafu ndipo wake. Hilo lilibishaniwa sana, mmoja alisema haiwezekani mtu aache wake. Nikasema asiyekuwepo ameenda kwa mgonjwa au kwa mtoto, hajaenda kucheza, na zamu itamfikia kila mtu. Akakubali. Na dada wa Dar nimemwandikia ujumbe mrefu, si wa kulalamika. Nimemwandikia kazi zote za mama, saa kwa saa, kuanzia alfajiri mpaka alfajiri. Alipiga simu analia, alikuwa hajui. Atalipia msichana wa kunisaidia siku za mzigo, mpaka giza liishe.

Fundi, turubai nimenunua kama ulivyosema, asante.

Kayenze Juu

Dada habari. Mimi naanika Kayenze, tuna shida hiyo hiyo kila vuli. Hilo la kuanza na mzigo wa asiyekuwepo, mmeandikishana au ni kwa mdomo? Na turubai likichanika analipa nani?

Mwanika Dagaa (Mwanza)

Salama dada. Tumeandika kwenye daftari la kikoba, kila mtu ameweka dole gumba au sahihi, si kwa kutoaminiana, ni kwa sababu mvua ikija watu wanachanganyikiwa. Turubai likichanika wakati wa kuokoa mzigo tunachanga wote, hata kama alilivuta mmoja. Kila tukiuza tunaweka elfu moja moja pembeni kwa ajili hiyo. Na aliyechelewa kufika, au aliyeshindwa kuwahi wingu, hatumtozi faini. Hilo nililisimamia mimi. Anaulizwa kwanza kama nyumbani ni salama, ya mzigo tunayazungumza baadaye. Njoo Igombe Jumamosi asubuhi ukitaka kuona tulivyopanga vichanja, uliza wanawake wa maturubai ya bluu.